Kasri la Mysore: Lala Huko, na Uanzie Srirangapatna

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofika Bengaluru hawakwenda kutalii. Wamempeleka mgonjwa hospitali, wamemsindikiza kijana chuoni, au ni wanafunzi wenyewe waliokaa huko miaka mitatu minne bila kutoka nje ya mtaa wao. Katikati ya matibabu huwa kuna siku za kungojea majibu ya vipimo, na hapo ndipo mtu wa mapokezi hotelini huleta wazo: kuna gari la kwenda Mysore, linaondoka alfajiri na kurudi usiku, kasri, hekalu la mlimani, bustani ya chemchemi, duka la hariri, vyote kwa siku moja na kwa bei moja. Ushauri wangu kwako, msomaji, ni kuikataa safari hiyo. Kasri la Mysore ni miongoni mwa majengo ya kifalme mazuri kuliko yote kusini mwa India, na mtu aliyelipitia mbiombio namna hiyo hutoka na picha za kuba na maumivu ya miguu, basi.

Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Bengaluru hadi Mysore, mji ambao tangu 2014 jina lake rasmi ni Mysuru, ni kilomita zipatazo 140. Barabara kuu mpya iliyofunguliwa 2023 imefupisha mwendo, lakini haijaondoa msongamano wa kutoka Bengaluru kwenyewe. Gari la watalii husimama kwa chai, kisha husimama kwenye duka ambalo dereva ana chake. Mnafika kasrini kwenye saa 6 mchana, wakati mabasi ya shule na ya mahujaji kutoka kila pembe ya jimbo la Karnataka yameshashusha watu. Mnapewa saa moja, na sehemu ya saa hiyo inaishia kwenye foleni ya tiketi na foleni ya viatu. Jioni, wakati kasri linapowashwa taa ambazo pengine ndizo zilizokuvuta, ninyi mko barabarani mnasinzia.

Chukua siku mbili na usiku mmoja, na ukiweza, siku zenyewe ziwe Jumapili na Jumatatu. Sababu ni hii: taa za nje ya kasri huwashwa Jumapili na siku za sikukuu za serikali, kuanzia saa 1 jioni, kwa muda usiozidi saa moja. Siku hiyohiyo ya Jumapili, mchana, ndani ya kasri kunajaa mpaka hapapitiki. Jumatatu asubuhi umati umerudi makwao, na milango inafunguliwa saa 4. Kwa hiyo ukifika Jumapili mchana, ukaona taa jioni, ukalala, kisha ukaingia ndani Jumatatu mara tu lango linapofunguliwa, umepata yote mawili katika hali yake nzuri. Ukibanwa na ratiba ya daktari na siku nyingine haipatikani, usihuzunike. Jioni za siku za kazi kuna maonyesho ya sauti na mwanga yanayosimulia habari za ukoo wa kifalme, na mwishoni taa huwashwa kwa dakika chache.

Kabla ya kasri, lakini, teremka Srirangapatna. Hapa watu wengi hukosea mpangilio: huenda kasrini kwanza, kisha wakibaki na nguvu ndipo wanapita Srirangapatna kwa dakika ishirini. Geuza. Srirangapatna ni kisiwa cha Mto Kaveri, kilomita chache tu kabla ya kuingia Mysore, na ndiko ulikokuwa mji mkuu kabla kasri unaloliendea halijafikiriwa. Ukiona kwanza kilichovunjika pale, utakielewa kilichojengwa kule.

Ukoo wa Wadiyar ulianza kutawala eneo la Mysore mwaka 1399. Walihamia Srirangapatna mwaka 1610, wakakaa miaka 150, kisha wakapokonywa madaraka na mkuu wa jeshi lao wenyewe, Haidar Ali, ambaye tangu 1761 aliwaacha na jina la ufalme na yeye akashika hatamu. Mwanawe, Tipu Sultan, hakuona haja hata ya jina hilo. Huyu Tipu ndiye mtawala wa India aliyewasumbua Waingereza kuliko karibu wote wa zama zake: alitumia roketi vitani, alituma ujumbe Istanbul, na alikuwa na kituo cha biashara Muscat, mji uleule wa Wamanga ambao majahazi yake yalikuwa yakifika pwani yetu kwa msimu. Tarehe 4 Mei 1799 Waingereza waliuvunja ukuta wa Srirangapatna, na Tipu akauawa akipigana karibu na lango.

Kwa hiyo ukifika, anza na sehemu ya ukuta iliyobaki na mahali palipowekwa alama ya mwili wake kuokotwa. Ni padogo, hapana pambo. Kisha nenda Daria Daulat, nyumba ya kiangazi aliyoijenga Tipu mwaka 1784 ndani ya bustani. Kwa nje imefunikwa mapazia ya kuzuia jua, na usipoambiwa unaweza kuipita ukidhani ni ghala. Ndani ya baraza kuta nzima zimechorwa, juu hadi chini, na upande mmoja kuna vita vya Pollilur vya 1780, ambapo Haidar na Tipu waliliponda jeshi la Kampuni ya Waingereza. Mtafute afisa wa Kiingereza aliyejeruhiwa akiwa amebebwa kwenye machela, na askari wake waliojipanga mraba kumzunguka huku farasi wa Mysore wakiwajia kutoka pande zote. Simama hapo dakika kumi. Halafu nenda Gumbaz, kaburi lenye kuba jeupe alipozikwa Tipu pamoja na baba na mama yake. Milango yake imetiwa njumu za pembe za ndovu. Mwislamu akitaka kusali, Msikiti wa Jamia wenye minara miwili alioujenga Tipu uko ndani ya ngome, umbali wa kutembea kutoka stesheni.

Sasa beba habari hiyo uende nayo Mysore. Baada ya kumuua Tipu, Waingereza hawakuichukua nchi yote wenyewe. Walimtafuta mtoto wa Wadiyar, mwenye umri wa miaka mitano, wakamketisha kitini na kuurudisha mji mkuu Mysore. Mwaka 1831 wakamnyang'anya utawala, wakauendesha wao kwa nusu karne, na mwaka 1881 wakaurudisha kwa mrithi wake. Mrithi huyo, Chamarajendra, alifariki Desemba 1894 akiwa kijana wa miaka 31. Mkewe akabaki na watoto na nchi mkononi, akitawala kwa niaba ya mwanawe ambaye hajakua. Mwaka 1897, katika shamrashamra za harusi ya binti yao mkubwa, kasri la zamani, ambalo sehemu kubwa lilikuwa la mbao, likashika moto na kuteketea.

Kasri unaloliona leo ni jibu la mama huyo mjane. Aliagiza lijengwe jipya mahali palepale, na akampa kazi Henry Irwin, msanifu wa Kiingereza aliyekuwa ameshasanifu nyumba ya mwakilishi wa Malkia huko Shimla. Safari hii walitumia mawe, matofali na chuma. Ujenzi uliisha 1912 na gharama ikapita rupia laki 41. Ukisimama uwanjani na kulitazama, usiangalie tu ukubwa. Angalia ni ukoo uliopokonywa mara mbili na kuunguliwa nyumba mara moja, ukijitangaza kwa graniti ya kijivu na kuba za rangi ya waridi iliyokolea kwamba haung'oki tena. Mnara wa katikati una urefu wa mita 44. Matao ni ya Kiislamu, nakshi ni za Kihindu, na mpangilio wa mbele ni wa Kizungu, na yote yamekaa pamoja bila kugombana. Juu ya tao la katikati yupo Gajalakshmi, mungu wa kike wa neema, amekaa na tembo wake.

Wageni huingia kwa lango la kusini, liitwalo Varaha. Hapo ndipo tiketi zinapokatwa, na ujue mapema kwamba kiingilio cha mgeni wa nje ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha Mhindi. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha chuo pamoja na kibali cha ukaazi, aulize kwa upole kama anastahili punguzo. Chukua kifaa cha kusikiliza maelezo kama kinapatikana kwenye tiketi yako. Ni bora kuliko kumfuata kiongozi wa watalii ambaye ana kundi la watu thelathini na anapaza sauti. Ukitaka kiongozi wako peke yako, patana bei na muda kabla hamjapiga hatua, na umwambie wazi kwamba huna haja ya kupelekwa dukani baadaye.

Viatu huachwa nje, na mchana jua likiwaka mawe ya uani huunguza kweli. Vaa soksi, au zibebe mfukoni. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, kwa kuwa ndani ya uwanja wa kasri kuna mahekalu kadhaa ambamo bado watu wanasali, ya zamani kuliko kasri lenyewe. Dada zetu wenye mitandio na madera hawana wasiwasi wowote hapa. Kuhusu picha, soma bango la siku hiyo langoni na ulifuate. Askari wa ndani ni wakali kwa anayepuuza. Kama unaye mgonjwa anayepata nafuu au mzee, uliza kiti cha magurudumu hapohapo langoni kabla ya kuingia, kwa sababu ukishaanza, njia imewekewa kamba na ni ya kwenda mbele tu, na kuna ngazi za kupanda kwenda kwenye kumbi za juu.

Hiyo njia ya kwenda mbele tu ndiyo inayowaponza watu. Umati hukusukuma, na ukitoka kwenye ukumbi umetoka. Kwa hiyo jua kabla ni wapi utasimama, ujibanze pembeni ya kamba, uwaache wapite.

Pa kwanza ni Gombe Thotti, ukumbi wa wanasesere. Wanasesere wenyewe unaweza kuwapita upesi. Tafuta kiti cha tembo, ambari, kiti cha mbao kilichofunikwa dhahabu ambacho huwekwa mgongoni mwa tembo siku ya kilele cha sherehe za Dasara. Uzito wake unatajwa kuwa kilo 750. Kitazame vizuri na ukumbuke uzito huo, maana nitarudi kwenye habari za tembo.

Pa pili ni ukumbi wa ndoa, Kalyana Mantapa, na kama una nusu saa tu ya utulivu katika safari nzima, itumie hapa. Ukumbi una pembe nane. Nguzo nyembamba za chuma cha kusubu zinapanda kwa mafungu mpaka kwenye dari la vioo vya rangi, na chuma hicho pamoja na vioo vilitengenezwa Glasgow, Uskoti, vikasafirishwa kwa meli. Juu, kwenye vioo, wapo tausi: mikia yao imejikunjua kuzunguka kuba, buluu na kijani. Chini, kwenye vigae vya sakafu, wapo tausi tena. Asubuhi, jua likiwa bado linaingia kwa ubavu, rangi za vioo hushuka kwenye sakafu na kusogea taratibu. Watu wengi husimama katikati wakiwa wameinua simu juu, wakapiga, wakaondoka. Wewe nenda ukutani. Kuta zote za ukumbi huo zimezungukwa na michoro mikubwa ya rangi za mafuta inayoonyesha maandamano ya Dasara ya enzi za maharaja, kipande kwa kipande: wapiga ngoma, wapanda farasi, askari, watu waliopanda juu ya mapaa, na mwisho mfalme mwenyewe juu ya tembo, ndani ya ile ambari uliyoiona punde. Wachoraji waliwatumia watu halisi wa wakati ule, na wengi wana sura za kutambulika, wala si nyuso za kubuni. Ifuate kwa mpangilio wake, kama unavyosoma habari kwenye gazeti, na utaelewa kwa nini mji huu mzima bado unasimama siku hiyo.

Ngazini na kwenye korido utakuta picha za watawala. Viongozi wa watalii hupenda kukuonyesha ile ambayo macho na viatu vya mfalme vinakufuata kila unakokwenda. Watoto hufurahi sana. Mtu mzima atafaidi zaidi akimtafuta Krishnaraja wa Nne, mwana wa yule mama mjane, aliyetawala hadi 1940. Gandhi alimwita mfalme-mtawa. Wakati wake Mysore ilipata chuo kikuu mwaka 1916, bwawa la Krishna Raja Sagara, kiwanda cha hariri na cha mafuta ya sandali; vitu ambavyo wanafunzi wetu wa leo huko bado wanavitumia au kuvinunua bila kujua vilitoka wapi.

Juu kuna ukumbi wa baraza la wananchi, mrefu, wenye safu baada ya safu za nguzo zilizopakwa rangi, na upande mmoja wote umefunguka nje kuelekea uwanjani. Humo kuna michoro ya Raja Ravi Varma, mchoraji mkubwa wa Kerala. Keti chini kidogo ikiruhusiwa. Upepo unapita vizuri. Kisha utaingia Ambavilasa, baraza la faragha, ambalo mimi naliona ndilo chumba kizuri kuliko vyote. Nguzo zina dhahabu na buluu ya bahari, dari ni la vioo, mlango mmoja umefunikwa fedha na mingine imetiwa njumu za pembe za ndovu kwenye mbao nyekundu. Tazama sakafuni pia: mawe ya rangi yamepachikwa kwenye marumaru kwa ufundi uleule wa Agra uliotumika Taj Mahal. Mtu wa Lamu au Unguja aliyekulia karibu na mafundi wa milango ya nakshi atakuwa na mengi ya kulinganisha hapa, na simlaumu akichelewa kutoka.

Kiti cha enzi cha dhahabu hutakiona siku za kawaida. Hufungwa na kuhifadhiwa, hutolewa wakati wa Dasara tu. Na sehemu ya kasri si ya kuingiwa kabisa, kwa kuwa familia ya Wadiyar bado inaishi humo. Mkuu wa ukoo kwa sasa, Yaduveer, alitawazwa 2015 na mwaka 2024 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mysore.

Sasa Dasara yenyewe. Ni sherehe ya siku kumi, kati ya Septemba na Oktoba kwa kufuata mwezi, na ukoo huu umeiadhimisha tangu 1610. Kila mtu atakuambia uende wakati huo. Mimi nasema: amua kwanza unataka nini. Ukitaka jengo, usiende Dasara. Hoteli hujaa na bei hupanda, ndani ya kasri kuna ibada za kifalme ambazo hufunga milango kwa wageni siku kadhaa, na siku ya kilele kuona chochote bila kadi ya kiti iliyonunuliwa mapema ni kusimama juani tangu asubuhi katikati ya malaki ya watu. Ukitaka mji na watu wake, basi hakuna wakati mwingine. Kasri huwashwa taa kila jioni, taa ndogo zinazokaribia laki moja, na siku ya kumi tembo aliyevikwa na kupambwa hubeba ambari ya dhahabu kutoka kasrini hadi uwanja wa Bannimantap, kilomita kama tano. Zamani aliyeketi ndani yake alikuwa maharaja. Baada ya serikali ya India kufuta marupurupu ya wafalme mwaka 1971, aliyebebwa ni sanamu ya Chamundeshwari, mungu mlinzi wa mji.

Kuna njia ya katikati ambayo watalii wachache wanaijua. Tembo wa maandamano hutoka kambi za misituni na kuletwa kasrini wiki nyingi kabla ya sherehe. Wanaoga, wanalishwa, wanafanya mazoezi barabarani wakiwa wamebebeshwa magunia ya mchanga, uzito ukiongezwa siku hadi siku, na mizinga hupigwa karibu yao ili wazoee mshindo. Watunzaji wao, watu wa jamii za msituni, huja na wake na watoto, wakapiga mahema uani. Ukienda mwezi mmoja hivi kabla ya kilele, asubuhi mapema kando ya barabara inayotoka kasrini, utawaona tembo wakipita bila kulipa hata senti, na ndani ya kasri bado kunaingilika. Waulize wenyeji tembo kiongozi ni nani. Watu wa Mysore wanawajua kwa majina: Drona aliyebeba miaka mingi hadi kifo chake 1998, Balarama, kisha Arjuna, aliyekufa Desemba 2023 akipambana na tembo wa mwituni, na baada yake Abhimanyu. Mji ulimlia Arjuna kama mtu.

Kwa hali ya hewa, Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya raha. Mysore iko mita zaidi ya 700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni huwa na ubaridi mwepesi. Machi hadi Mei ni joto. Mvua za kusi huanza Juni, na Oktoba nayo ina mvua zake, jambo la kukumbuka kwa anayekwenda Dasara.

Kuhusu safari, anayetoka nyumbani aombe viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India pekee. Zipo tovuti za kuigiza zinazotoza mara tatu. Jambo ambalo limewakwamisha wengi uwanjani ni kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hutakiwa kuwa nayo, na hata Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa asithubutu kuondoka bila hiyo. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja siku moja kabla ya safari hakukusaidii, na asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini.

Kutoka Bengaluru, panda treni. Zipo nyingi kwa siku, zile za haraka huchukua kama saa mbili, na dirishani utaona mashamba ya miwa na mpunga ya Mandya ambayo barabarani huyaoni. Ukitaka kuteremka Srirangapatna, hakikisha treni yako inasimama hapo, kwa kuwa za haraka hupita moja kwa moja. Ikiwa haisimami, nenda mpaka Mysore, acha mizigo hotelini, kisha rudi Srirangapatna kwa basi la kawaida au bajaji; si mbali. Anayetua uwanja wa ndege wa Bengaluru usiku anaweza kupanda basi la serikali linalokwenda Mysore moja kwa moja bila kuingia mjini.

Bajaji za Mysore zina mita. Omba iwashwe, na dereva akikataa, panda nyingine. Mwite *anna*, yaani kaka mkubwa, na mwanamke wa makamo sokoni mwite *akka*. Utaona uso unavyofunguka. Ila jihadhari na mtu mmoja ambaye hakosekani nje ya kasri: atakuja kwa ukarimu mwingi, akuulize umetoka nchi gani, kisha akuambie kasri limefungwa mpaka saa 8 kwa sababu ya sherehe, na kwamba kwa bahati yako leo kuna soko maalumu la mafuta ya manukato. Halijafungwa. Sema asante, endelea na njia yako mpaka langoni ukaone kwa macho yako. Mafuta ya sandali na hariri ya kweli vinapatikana kwenye maduka ya serikali kwa bei iliyoandikwa. Beba rupia taslimu, noti ndogondogo, kwa kuwa wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu kupitia benki zao na mgeni asiye na akaunti huko hubaki akitafuta chenji.

Ukitoka kasrini mchana, nenda kwa miguu hadi soko la Devaraja, dakika chache tu. Humo kuna njia nzima ya asmini zinazouzwa kwa kupimwa mkono, marundo ya unga wa rangi, na ndizi za aina ambazo hata mtu wa Bukoba atasimama kuziuliza majina. Kwa chakula, tafuta mkahawa wenye foleni ya wenyeji na uagize *masala dosa* ya Mysore, ile inayopakwa chatine nyekundu ya pilipili kwa ndani, na kahawa ya maziwa ya kule Kodagu. Kisha onja *Mysore pak*. Ni tamutamu ya unga wa dengu, sukari na samli, na ilibuniwa na mpishi wa kasri, Kakasura Madappa, wakati wa Krishnaraja wa Nne. Wazao wake bado wanaiuza karibu na soko hilo. Kuna laini inayoyeyuka mdomoni na kuna ngumu yenye vitundu. Ya kubeba nyumbani ni ile ngumu, maana laini huvuja samli kwenye begi.

Ikibaki nafasi asubuhi ya kuondoka, panda Mlima wa Chamundi kwa basi la mji hadi hekaluni, halafu ushuke kwa miguu. Ngazi zinapita elfu moja, na kuzishuka ni nusu ya taabu ya kuzipanda. Njiani utakutana na Nandi, fahali aliyechongwa kwenye mwamba mmoja katika karne ya 17, mwenye kimo cha karibu mita 5. Ukiwa juu utaiona Mysore yote, na kuba za kasri ukizijua hazikupotei. Anza saa 1 asubuhi, ubebe maji, na nyani usiwaonyeshe mfuko wa chakula. Treni ya kurudi Bengaluru ikatie tiketi siku ileile unayokata ya kuja, hasa mwishoni mwa wiki, kwa sababu Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi viti huisha, na mgonjwa aliyekungoja hospitali hapaswi kukaa usiku mwingine peke yake kwa ajili ya kiti kimoja.